Haramia asiye na miguu: Black Flag ya 2013 na Skull and Bones ya 2024, ipi ndiyo gemu ya maharamia?

Nahodha wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Nijiseme mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mtu wa Dodoma. Maji mengi ya kwanza kuyaona maishani ni ya Bwawa la Mtera, na ya pili ni ya Bahi, ambako kiangazi kikikolea unaweza kupiga mpira pale pale mlipokuwa mnavua. Lakini kwa saa za baharini nilizonazo kwenye PS, hata mvuvi wa Feri atanipisha.

Black Flag, ile Assassin's Creed ya maharamia, nilianza kuicheza kwenye PS3 ya banda la gemu Majengo, tukilipa kwa saa. Wenzangu wote walikuwa watu wa mpira. Walikuwa wanakaa nyuma yangu wanasubiri zamu, wananiona nashika usukani dakika nzima, nyingine, ya tatu, sipigani na mtu, mabaharia wananiimbia tu, jua linazama. "Sasa huyu anacheza nini?" Mwenye banda naye alikuwa hana huruma. Dhoruba imepamba moto, mawimbi yanakuja marefu kama ghorofa, nayapanda kwa omo, mbele ya meli, maana ukiyapokea ubavuni meli inaumia, ghafla mkono unatokea pembeni unazima TV. Saa imekwisha.

Sasa mwezi uliopita nikanunua CD ya Skull and Bones ya mtumba, kwa bei ambayo nyumbani nimeitaja nusu yake. Nimecheza wiki tatu. Nimekuja kulia humu.

Mwaka 2013 Ubisoft, watengenezaji wa gemu zote mbili, walinipa hivi: nipo kwenye meli yangu Jackdaw, natoa darubini, naona meli ya Wahispania, darubini inanionyesha imebeba sukari kiasi gani, ramu, mbao, chuma. Naifukuza. Naipiga mizinga mpaka inaanza kuwaka lakini naiacha isizame, maana ikizama napata nusu ya mzigo. Naisogelea, vijana wanarusha kulabu, meli mbili zinavutwa zinagongana ubavu. Halafu Edward Kenway, haramia unayemcheza, anaachia usukani na kwenda MWENYEWE. Unaweza kupanda mlingoti ukamrukia nahodha wao kutoka juu, au ukaning'inia kwenye kamba kama nyani wa Kolo, au ukaenda kilevi levi tu na panga mbili mkononi. Wakisalimu amri unaulizwa: utengeneze meli yako, upunguze kusakwa, au uitie meli ile kwenye kundi lako?

Mwaka 2024 kampuni ile ile imenipa hivi: naipiga meli mizinga, naisogelea, vijana wanarusha kulabu, kipande kifupi cha video, mzigo umeingia. Basi. Sijainuka kwenye kiti. Meli yenyewe sichukui. Panga ninalo kiunoni, nimelipamba, wala halijawahi kutoka alani.

Nchi kavu unashuka, sikatai. Pale Sainte-Anne unatembea, unaongea na muuza mbao, unaongea na muuza mizinga, unachimba hazina ukiwa na ramani. Ni kama kwenda sokoni Sabasaba, isipokuwa Sabasaba kuna hatari ya kuibiwa.

Swali langu kwenu: haramia asiye na miguu ni haramia gani?

Bando Limeisha

Nimeweka kambi hapa. Mwenye kahawa asogee.

Zabibu Chungu

Kaka Nahodha, pole na CD. Lakini wewe unaikumbuka Black Flag kama watu wanavyokumbuka chakula cha bibi. Nimeimaliza mwaka jana hosteli hapa UDOM kwenye laptop ya rafiki yangu, bila kumbukumbu zozote za banda la Majengo, kwa hiyo ngoja nikusaidie.

Umesahau misheni za kunyatia watu? Mfuate huyu, usimsogelee sana, usimwache sana, sikiliza anachosema. Ukionekana, anza upya. Halafu mfuate mwingine, sikiliza. Kuna mahali unamnyatia mtu UKIWA NA MELI, ndani ya kinamasi. Meli nzima, matanga, mizinga, na genge la walevi, tunajificha tusionekane. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Na kila baada ya saa kadhaa unatolewa Karibea unapelekwa ofisini kwa Abstergo, kampuni ya kubuni ya ndani ya gemu, karne ya 21, ukazunguke meza za watu na kufungua kompyuta zao. Yaani nimetoka kuteka ngome, nimelowa, naambiwa nipande lifti.

Wachambuzi waliyasema haya tangu siku ya kwanza. Gemu ilipata alama za juu ya 80 Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wachambuzi, ila wengi walisema jambo moja: ni gemu nzuri sana ya maharamia iliyofungiwa ndani ya gemu ya wauaji wa siri iliyochoka. Baharini tamu, mjini unavumilia.

Nahodha wa Nkuhungu

Dada Zabibu, ya kinamasi nilikuwa nimeyazika. Umeyafukua.

Fundi Pedi

Mimi natengeneza PS, nipo Makole. Nazungumza kama mtu anayepokea lawama za wateja.

Skull and Bones mteja akiichukua, lazima niulize kwanza: nyumbani una intaneti ya kudumu? Maana hata ukicheza peke yako, gemu inataka mtandao muda wote. Nimeletewa PS5 na kijana wa Ipagala anasema mashine mbovu, gemu inamtoa kila mara. Nimeifungua, nimeisafisha vumbi (vumbi la Dodoma mnalijua, ndani ya feni unaweza kupanda mtama), nimeiwasha hapa kwangu usiku kucha, haina tatizo. Tatizo ni bando. Kijana alikuwa anawasha simu iwe modemu, rafiki akimpigia tu, meli inapotea.

Black Flag ukishakuwa na CD yako umemaliza. Kuna sehemu za mtandao, lakini stori na bahari yote unacheza bila hata line ya simu ndani ya nyumba. Kwa nchi yetu hilo ni kubwa kuliko panga.

Ila tuwe wakweli: mbao, matanga na maji ya Skull and Bones yanavutia. Nikitaka kumwonyesha mteja TV mpya inavyotoa picha, naweka ile.

Mlenda Pori

Meli inapotea kwa sababu mtu kapigiwa simu 😂😂 Bermuda ya Ipagala.

Mtoto wa Pwani

Salaam alaykum wanajamvi. Nimezaliwa Kilwa, kazi ndiyo iliyonileta huku kwenu pamoja na wizara. Naona watu wa bara mnajadili bahari, nimesema nisipite kimya.

Mimi nilivutiwa na Skull and Bones kwa sababu moja: Black Flag ni Karibea, Havana, Kingston, Nassau, bahari ya watu wengine. Hii imewekwa Bahari ya Hindi. Kwetu. Na chombo cha kwanza kabisa wanachokupa ni dau! Wameandika kwa tahajia ya Kiingereza, lakini ni dau. Nikasema leo, leo. Nikamwita mama yangu mzazi, yupo kwangu hapa Kisasa kwa matibabu, akaja akaangalia. Akauliza, "Foromali ipo wapi?" Yaani ule mti unaoshika tanga. Mimi na PS yangu ya mamilioni sikuwa na jibu.

Upepo ndio ulionimaliza. Kwenye gemu upepo upo, na ukienda kinyume nao unachelewa, sawa. Lakini bahari hii haikuwa hivyo. Kuna kaskazi na kuna kusi. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Hindi kuanzia mwezi wa Disemba hivi, kusi inayarudisha. Haramia wa bahari hii alikuwa anajua mwezi gani meli za tajiri zitapita wapi, kwa sababu hazikuwa na namna nyingine ya kupita. Hebu fikirieni gemu ambayo msimu ukigeuka ramani nzima inageuka nayo! Miezi hii bandari imejaa, miezi ile imelala, ukichelewa kuondoka umekwama na mabaharia wako wanakula mtaji. Hiyo ndiyo gemu ambayo ingeweza kutengenezwa bahari hii tu.

Badala yake wametupa mabaharia wanaochoka. Ukifungua matanga yote, nguvu zinaisha, mpaka uwalishe ndizi au samaki. Nimesafiri na jahazi Kilwa hadi Mafia. Matanga yakishafunguliwa anayefanya kazi ni upepo, baharia anakaa anasuka uzi.

Lililonifurahisha: kuna dubwana la baharini kwenye gemu linaitwa Kuharibu. Hivyo hivyo, kitenzi-jina. Yaani mtu kafungua kamusi, kakuta neno, kasema tosha. Nashukuru hawakulifikia Kuharisha.

Mlenda Pori

Mkuu Mtoto wa Pwani umeniua. Sasa kila nikienda chooni naona dubwana.

Mjukuu wa Hongo

Mimi ni mwalimu wa historia, nipo Kongwa. Nimefurahi Mtoto wa Pwani kuleta habari ya bahari yetu, niongeze mambo mawili, na la tatu ni la kujitetea.

Watu wakisikia haramia wanawaza Karibea tu. Lakini utajiri mkubwa ulikuwa huku. Mwaka 1695 Mwingereza Henry Every aliikamata Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India, ikirudi Surat na mahujaji kutoka Makka. Ilikuwa moja ya nyara kubwa kuliko zote katika historia ya uharamia, na mambo waliyofanyiwa abiria wale siyo ya kuwekwa kwenye gemu. Maharamia wa aina hiyo walikuwa na kambi kisiwa cha Sainte-Marie, mashariki ya Madagaska. Ukisikia Sainte-Anne ndani ya gemu, unajua harufu inatoka wapi. William Kidd, yule aliyenyongwa London 1701, aliiacha meli yake hapo hapo Sainte-Marie mwaka 1698. Na mwaka huo huo wa 1698 Waomani waliitwaa Fort Jesus Mombasa kutoka kwa Wareno baada ya kuizingira tangu 1696. Pwani nzima ilikuwa inawaka moto: Wareno, Waomani, miji ya Waswahili, Waingereza, Wafaransa, kila mtu na hesabu zake.

Kwa hiyo waandishi wa Skull and Bones walikuwa na chungu cha nyama mezani, wakatoa maji ya moto. Black Flag ilichukua stori iliyokuwepo: Nassau ya maharamia, kina Blackbeard, Hornigold, Vane, Anne Bonny na Mary Read, halafu 1718 gavana Woodes Rogers anakuja na msamaha wa mfalme, urafiki unavunjika. Hornigold anachukua msamaha na kugeuka kuwawinda wenzake. Hilo lilitokea kweli, gemu ilichofanya ni kukukalisha nao meza moja kwanza ili ikuume.

La tatu. Nahodha wa Nkuhungu anajiita mtu asiyejua uharamia. Mwanangu, unawasahau babu zako! Karne ya 19 misafara mingi ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapita Ugogo, na Ugogo hupiti bila hongo. Vitambaa, shanga, waya. Ukibisha, maji hunywi, na hapa bila maji hufiki. Stanley alipopita 1871 alilalamika hongo mpaka wino ukaisha. Wenyewe tunaita ushuru, wao wakaita wizi. Tofauti ya babu zetu na haramia ni kwamba babu hakuhitaji kukufuata. Alikaa kisimani.

Bando Limeisha

Alikaa kisimani 🔥 Naomba gemu hiyo sasa hivi. Ramani yote ni kutoka Mpwapwa mpaka Manyoni.

Kamanda wa Saa Nane

Nimesoma uzi mzima nimevumilia. Niruhusuni nitetee Skull and Bones, maana naona hapa hana ndugu.

Naicheza na binamu yangu wa Singida na jamaa mmoja wa Dar. Tunaingia saa nane usiku, bando la usiku likiwa rahisi. Meli tatu. Mmoja anabeba mizinga mizito anakaa mbali, mmoja anatibu, maana kuna silaha zinazorudisha uhai wa meli ya mwenzako, mimi natangulia kupokea. Tukienda kuteka ngome, ni kelele tupu, kila mtu anaita mwenzake. Black Flag haiwezi kunipa hicho. Kwenye Black Flag meli ni moja, yako, na mizinga ni ile ile unaongeza nguvu tu. Huku unajenga meli tofauti kwa kazi tofauti, unachagua bunduki za omo, za ubavu, za shetri kule nyuma. Kuna siku nzima nimetumia kupanga meli moja na sikujuta.

Kosa la wachambuzi, na la Nahodha, ni kuipima kwa Black Flag. Huku wewe siyo haramia mwenye meli. Wewe NDIYE meli. Ukikubali hilo, panga halikusumbui.

Lakini nitakubali jambo. Walijiletea wenyewe. Gemu ilitangazwa 2017, ikasogezwa, ikasogezwa, ikatoka Februari 2024. Walioitengeneza ni Ubisoft Singapore, ambao mkono wao ulikuwepo kwenye vita vya baharini vya Assassin's Creed zile za nyuma. Halafu wiki moja kabla ya kutoka, bosi mkuu wa Ubisoft Yves Guillemot akaulizwa kwa nini inauzwa dola 70, akasema hii siyo gemu ya A tatu, lile daraja la gemu kubwa za gharama, ni ya A nne. A NNE! Kila mchambuzi akanoa kisu. Wangesema tu "tuna gemu ya meli, njooni na rafiki zenu," nadhani zile alama za kuzunguka 60 zisingekuwa na maneno makali vile. Sea of Thieves, gemu nyingine ya maharamia, ilipotoka 2018 nayo iliambiwa ni nzuri lakini tupu, ikajazwa polepole, leo watu wanaipenda.

Nahodha wa Nkuhungu

Kamanda, hoja yako ya "wewe ndiye meli" ni nzuri kuliko tangazo lao lote. Nimeifikiria nikiwa kwenye bodaboda kutoka kazini. Sasa kama mimi ndiye meli, kwa nini wananivisha kofia na viatu na kuniuzia nguo? Meli haivai viatu. Na kwa nini nikate miti nikiwa usukanini, kwa kubonyeza pedi mshale ukifika kwenye mstari? Meli inakataje mti?

Hapo ndipo nilipovunjika moyo, siyo kwenye panga. Nimeegesha karibu na kisiwa, kijani, mchanga mweupe, moshi unatoka katikati ya miti. Nataka kwenda kuona nani anapika. Gemu inaniambia: kata mti, ondoka.

Zabibu Chungu

Hapo nakuunga mkono.

Na kuna mtu hajatajwa mpaka sasa, wakati nyote mnashangilia Edward. Adéwalé. Wale mnaomkumbuka: mzaliwa wa Trinidad, mtumwa, wanatoroka pamoja na Edward, Jackdaw wanaiteka pamoja. Nahodha anakuwa Edward, Adéwalé anakuwa msaidizi, na sababu haifichwi: mabaharia wale wasingemkubali mweusi. Nusu ya akili ya meli ile ni yake. Mchezaji unakimbizana na ramu na sukari, darubini inakuhesabia sukari kwa furaha, na ni Adéwalé ndiye anayejua sukari ile imelimwa na nani.

Ndiyo maana Freedom Cry kwangu ni bora kuliko stori kuu. Ni fupi, ilikuja mwisho wa 2013 kama nyongeza. Adéwalé, miaka mingi baadaye, Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, anavunja mashamba na meli za watumwa. Ukiipiga meli ya watumwa ovyo kwa mizinga, watu waliofungwa ndani wanakufa. Ghafla ule mchezo wako wote wa kulipua unakuwa na uzito, unalenga kwa makini, unaipokea mizinga ya wasindikizaji bila kujibu vizuri.

Ila na hapo kuna doa lililosemwa sana. Idadi ya watu uliowakomboa inakufungulia silaha bora. Watu wanahesabiwa kama zile mbao na chuma. Nilipofika kwenye kikokotoo hicho niliweka laptop pembeni nikaenda kupika.

Mjukuu wa Hongo

Binti umesema. Darasani kwangu watoto wanajua Blackbeard, hawajui kwamba Haiti walipigana kuanzia 1791 mpaka wakapata uhuru 1804. Mmoja alikuja kuniuliza habari za watumwa waliotorokea milimani kwa sababu ya gemu hiyo. Sikuuliza alichezea wapi saa za masomo.

Mtoto wa Pwani

Mama anauliza kama kuna gemu ya kuvua pweza.

Fundi Pedi

Nahodha, turudi kwenye maumivu yako. Nina CD ya Black Flag ya PS4 hapa, haina mikwaruzo. Inaingia kwenye PS5 bila shida, ile ya PS3 ndiyo haiingii, usije ukauziwa mtaani. Lete ya kwako, ongeza elfu kumi, tubadilishane.

Nahodha wa Nkuhungu

Elfu kumi ya nini? Yangu ni ya 2024, yako ina miaka zaidi ya kumi!

Fundi Pedi

Kwa nini basi unaitaka?

Mlenda Pori

😂😂😂 Huyu naye anakaa kisimani.

Kamanda wa Saa Nane

Fundi, ikikufikia hiyo ya Nahodha usiiuze. Kuna mdogo wangu Chang'ombe ana PS5, tunatafuta meli ya nne ya akiba.

Nahodha wa Nkuhungu

Mrejesho wakuu.

Nimelipa elfu tano, tumeelewana. Jana usiku nimeanza upya. Baada ya kuipata Jackdaw sikwenda kwenye misheni. Nilifika katikati ya maji, nikaona kisiwa kidogo hakina hata jina la maana, nikasimamisha meli, nikaachia usukani, nikajitosa majini na nguo zangu. Nikaogelea. Kulikuwa na kaa, minazi mitatu na kasha lenye vihela visivyozidi nauli ya daladala. Nikazunguka kisiwa chote kwa miguu, mara mbili, nikarudi melini kwa kuogelea.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu muda wote. Akauliza, "Sasa hapo umecheza nini?"